Riwaya za sayari za mbali ni vitabu vya siasa, tuzipe ukurasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo limenikaa rohoni muda mrefu, kuhusu hizi riwaya za kisayansi, zile za safari za mwezini na sayari za mbali na miaka ijayo, ambazo watu wengi wakizisikia wanafikiria roketi na maroboti basi. Hata kwenye kurasa za vitabu magazetini zikitajwa, kwa nadra, zinatajwa kama burudani ya vijana wa sekondari. Mimi nasema hapana jamani. Zile kubwa kubwa ni vitabu vya siasa, tena siasa ya ndani kabisa, nani atawale, kwa idhini ya nani, mali iwe ya nani, na mtu mmoja akisema sikubali wenzake wamfanye nini. Roketi inamfikisha tu msomaji mahali ambapo mwandishi anaweza kuanzisha nchi upya toka sifuri halafu akaangalia inakwendaje.

Na nina kipimo changu cha kujua ipi ni nzuri kweli na ipi ni mahubiri. Nauliza hivi, huyu mwandishi ameibana imani yake mwenyewe au ameibana ya adui yake tu? Maana kuibana ya adui kila mtu anaweza, hata kwenye mkutano wa kampeni wanafanya. Ila kuchukua kile unachokiamini wewe, ukakijengea nchi nzima, ukaweka watu ndani, halafu ukaandika kwa ukweli wanavyoumizana humo, hiyo kazi wachache wameiweza.

Mmoja wao ni Yevgeny Zamyatin, Mrusi, injinia wa meli. Huyu bwana alikuwa Mbolsheviki, yaani wa chama cha kikomunisti cha Lenin, toka ujana wake, mwaka 1905 akafungwa na serikali ya mfalme wa Urusi, halafu mapinduzi aliyokuwa anayataka yakaja yakashinda, na mwaka 1922 akajikuta yuko gerezani tena, safari hii kafungwa na serikali ya hao hao wenzake wa zamani. Riwaya yake inaitwa We, yaani Sisi, aliiandika 1920 na 1921, yaani hata Stalin hajaikamata nchi bado, na kwao wakakataa kuichapa, ikatoka kwanza kwa Kiingereza New York 1924, Urusi yenyewe ikaja kuchapwa 1988 na mwenyewe kashafia Paris toka 1937. Humo ndani nyumba zote ni za vioo, watu hawana majina wana namba, na kila saa ya siku imepangwa na serikali, muda wa kula, muda wa kutembea, hata mapazia yanashushwa kwa kibali na kwa muda maalumu.

Ila kinachonikamata mimi ni siku ya uchaguzi. Kila mwaka wananchi wanakusanyika kumchagua kiongozi wao, anaitwa Mfadhili, kura ni ya kunyoosha mkono hadharani na matokeo yanajulikana kabla, na msimuliaji wetu D-503 anaona huo ndio ustaarabu, anawashangaa watu wa zamani waliokuwa wanaingia kwenye uchaguzi bila kujua nani atashinda. Sasa mwaka ule ikatokea ajabu, likaulizwa swali la nani anapinga, mikono maelfu ikapanda juu. Vurugu, watu wanakimbia hovyo. Kesho yake asubuhi gazeti la serikali linatoka na habari kwamba Mfadhili amechaguliwa tena kwa kauli moja kwa mara ya 48, na wale waliopinga hawakuhesabiwa, kwasababu mtu akienda ukumbini kusikiliza muziki hawezi kusema kikohozi cha wagonjwa waliokaa mle nacho ni sehemu ya muziki. Mhariri mimi ni msomaji wa magazeti wa miaka mingi na sijakutana na maelezo makali kuliko hayo ya namna chombo cha habari kinavyoweza kuifuta sauti ya mtu bila kuficha kwamba alisema. Hawakukanusha! Walikiri kabisa mikono ilikuwepo, wakasema tu haina maana.

Na kuna mwanamke mle, I-330, yuko kwenye kundi la siri, anamwambia D-503 wewe si mtu wa hesabu, haya nitajie namba ya mwisho. Jamaa anasema hiyo haiwezekani, namba hazina mwisho. Anamjibu basi na mapinduzi ni hivyo hivyo, hakuna ya mwisho. Hapo Zamyatin alikuwa anaongea na wenzake waziwazi, wale waliokuwa wanaamini mapinduzi yao yamemaliza historia na kwahiyo atakayepinga baada ya hapo ni msaliti tu hana hoja. Unaona tofauti na mtu anayemponda adui? Huyu alikuwa anaandika kutoka ndani ya nyumba.

George Orwell aliisoma hiyo We akaiandikia makala mwaka 1946, miaka mitatu kabla ya kutoa riwaya yake inayoitwa 1984, na Orwell naye alikuwa msoshalisti mpaka anakufa, alipigwa risasi ya shingo vitani Hispania mwaka 1937 akipigana upande wa jamhuri. Sisi wa Kiswahili tunamjua zaidi kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967, na watu wameisoma na kuielewa na kuijadili bila kuhitaji profesa. Kwahiyo mtu asiniambie wasomaji wetu hawawezi hivi vitu.

Sasa nije kwa Robert Heinlein, Mmarekani, huyu nabishana naye sana lakini namheshimu, na yeye ni mfano mzuri kwasababu kashindwa kipimo changu mara moja na kakipita mara moja. Mwaka 1959 alitoa Starship Troopers. Humo haki ya kupiga kura anapata tu aliyejitolea utumishi wa serikali na kuumaliza, wengi kupitia jeshi, hoja yake ni kwamba mtu huyo ameshaonyesha kwa mwili wake kuwa anaweza kuweka jamii mbele ya nafsi yake. Hoja siyo ya kijinga, tuiseme ilivyo. Demokrasia yoyote lazima ijibu kwanini mtu apewe sehemu ya mamlaka juu ya mwenzake na kwanini iwe kwa umri tu. Lakini angalia anavyoijenga, kuna darasa la historia na maadili, mwalimu ni mwanajeshi mstaafu anaitwa Dubois, na kwenye darasa lile hakuna mwanafunzi hata mmoja anayemshinda hoja mwalimu. Hata mmoja! Wanauliza maswali mepesi anawanyamazisha wanakaa. Nchi nayo ni hivyo hivyo, hatumuoni raia asiye na kura akilalamika kwa maana, hatumuoni mstaafu mwenye kura aliyeitumia kujinufaisha, na inapofika kuulizwa kwanini mfumo huu ni sahihi jibu kubwa ni kwamba unafanya kazi vizuri. Sawa, unafanya kazi kwasababu mwandishi kaamua ufanye kazi. Nchi ambayo waliotoka jeshini ndio wenye kura na hakuna hata mmoja mwenye tamaa, hiyo mimi naiita mahubiri, matamu kusoma lakini mahubiri. Mlinganishe na Joe Haldeman, ambaye yeye alikwenda vitani Vietnam akajeruhiwa huko, halafu akatoa The Forever War mwaka 1974, humo askari wanapigana vita inayochukua zaidi ya miaka elfu kwa hesabu ya Duniani na mwisho inajulikana ilitokana na pande mbili kushindwa kuelewana tu.

Lakini Heinlein huyo huyo mwaka 1966 akatoa The Moon Is a Harsh Mistress, na hapa nampa maua yake. Mwezi umekuwa koloni la wafungwa na vizazi vyao, wanalima ngano ndani ya mapango na kuirusha Duniani, bei inapangwa na Mamlaka inayoutawala mwezi, na kompyuta kubwa inayoendesha kila kitu, jina lake Mike, imepata akili ya kujitambua na imefanya hesabu kwamba kwa mwendo huu ndani ya miaka saba watu watakuwa wanapigania chakula. Wanaamua kupindua. Kiongozi wa fikra ni mzee mmoja, Profesa Bernardo de la Paz, ambaye hataki serikali ya aina yoyote, anasema hakuna kitu serikali ina haki ya kufanya ambacho mtu mmoja mmoja hana haki ya kukifanya. Maneno mazuri sana hayo. Haya, sasa angalia mapinduzi ya huyu mpenda uhuru yanavyokwenda. Mwenyekiti wa harakati ni Adam Selene, watu wanampenda, wanamsikia kwenye simu, wanamuona kwenye video, na hayupo. Ni sauti na sura iliyotengenezwa na Mike, na wanaojua ni watu watatu tu. Bunge la kwanza Profesa analiacha lijae wapiga domo makusudi wabishane mchana kutwa, ili maamuzi yenyewe yafanywe pembeni na hao watatu na mashine yao.

Yaani uhuru wa watu milioni tatu umeletwa kwa kuwadanganya wote. Na Heinlein hakuficha, wala hakumfanya Profesa mtu mbaya, anakuachia wewe uhangaike nayo. Baadaye Profesa anasimama mbele ya bunge la katiba anawasihi, jamani msirudie yale mliyoyazoea, fikirieni hata kuwa na nyumba mbili za bunge, moja ya kupitisha sheria kwa theluthi mbili na nyingine kazi yake kufuta tu, theluthi moja ikitaka sheria inafutwa. Hoja yake, kama sheria imechukiwa na theluthi nzima ya watu, uwezekano mkubwa ni mbaya. Mimi hilo wazo nimelitafakari sana na bado naona lingefaa kujadiliwa siriasi na watu wa katiba. Lakini wanabunge hawakumsikiliza, wakaanza kupanga kodi na makatazo kama wabunge wote, na msimuliaji Mannie mwisho wa kitabu anawaza kuhama aende mbali zaidi huko kwenye visayari, ambako hakujajaa watu. Mwandishi anaamini uhuru wa mtu binafsi kuliko kitu chochote, na ameandika mapinduzi ya uhuru yaliyozaa serikali ya kawaida kabisa ndani ya muda mfupi. Huko ndiko kuibana imani yako.

Na sasa yule ninayemuweka juu ya wote, Ursula Le Guin, alizaliwa 1929 akafariki 2018, na kitabu ni The Dispossessed cha 1974. Huyu mama alikuwa amewasoma wale wanafalsafa wasiotaka serikali, kina Kropotkin, na aliwapenda, halafu akasema ngoja niwape sayari yao. Wafuasi wa mwanamke anaitwa Odo wamepewa Anarres, mahali pakame pa vumbi, wakahamia huko miaka karibu 170 kabla ya hadithi kuanza. Hakuna serikali, hakuna polisi, hakuna magereza, hakuna pesa, hakuna mali binafsi. Unakula kwenye jiko la pamoja, unalala bweni au unapewa chumba kama una mwenzio, kazi unapangiwa na ofisi ya kugawa kazi na unaruhusiwa kukataa. Watu wa kuratibu uzalishaji nchi nzima wanapatikana kwa bahati nasibu na wanakaa kipindi wanaondoka. Anavyoielezea unatamani kwenda, kwasababu watu wale wanasaidiana kweli, siyo maigizo, mtu hafi njaa mwenzake anakula, na upande wa pili kuna Urras, sayari waliyotoka, tajiri na nzuri na imejaa masikini waliofichwa wasionekane na wageni, kuna nchi ya mabepari na nchi ya dola la kisoshalisti na zote mbili zinapigana kwenye ardhi ya nchi ya tatu, ndiyo Marekani na Muungano wa Kisovieti wa vita baridi, na hilo nadhani halihitaji maelezo kwa aliyeishi miaka ile ya 1970.

Halafu anaanza kuibana. Kuna sehemu nimeisoma mara nyingi sana, shujaa wetu Shevek bado mtoto, yeye na wenzake wamejifunza habari za Odo kwamba alifungwa gerezani, na wao hawajawahi kuona gereza, hata hawaelewi vizuri ni kitu gani, mtu anawezaje kukaa ndani na asitoke wakati anataka kutoka? Wakaamua wajaribu. Wakapata uwazi chini ya jengo la shule, mwenzao mmoja, Kadagv, akajitolea kuwa mfungwa, wakamuingiza wakaweka kizuizi nje. Mwanzo mchezo. Halafu wale walioko nje wakaanza kusikia kitu fulani ndani yao, raha ya kuwa wao ndio wanaamua, wakapanga akae zaidi, na zaidi, na walipomtoa yule mtoto alikuwa amejichafulia mle ndani gizani. Usiku ule Shevek alitapika. Hawa ni watoto ambao hakuna mtu aliyewahi kuwafundisha ufungwa, hawajaona askari hata mmoja, na ilikuwa ndani yao tayari. Kurasa chache tu hizo na ukishazisoma huwezi tena kusema kwamba ukifuta gereza umefuta kila kitu.

Akikua Shevek anakuwa mwanafizikia, anakutana na mzee mmoja Sabul, mkubwa wa fizikia kwenye taasisi, ambaye hana cheo chochote kwasababu Anarres hakuna vyeo, ila ndiye anayeshika njia ya kitabu kuchapwa, na kazi ya Shevek haichapwi mpaka jina la Sabul nalo likae juu. Nani aliyempa Sabul hayo mamlaka? Hakuna. Hakuna sheria unayoweza kuikatia rufaa wala bosi unayeweza kumshitaki, ni mazoea, ni nani anamjua nani, ni watu kuogopa kuonekana wabinafsi. Rafiki yake Bedap anamwambia waziwazi kwamba kule kwao maoni ya jirani ndiyo yamegeuka serikali, na ni serikali mbaya kuliko zile kwasababu hakuna anayekiri kuwa ipo. Rafiki yao mwingine, Tirin, aliandika mchezo wa kuigiza wa kuchekesha, haukupendwa, akalaumiwa na kila mtu, akawa anapangiwa kazi za kulima barabara na mwisho akapelekwa kisiwa cha wagonjwa wa akili na kuvunjika kabisa. Hakuna hakimu aliyemhukumu. Hakuna!

Halafu ukaja ukame wa miaka, na hapo ndipo naona Le Guin kafika mahali ambapo wanafalsafa wengi hawafiki kwa makala zao ndefu. Shevek anapelekwa kwenye kazi ya kuandika orodha, chakula hakitoshi, wagonjwa wanapewa kidogo kuliko wanaofanya kazi, lazima mtu akae mezani aandike nani apate kiasi gani. Anaifanya kwa muda halafu anaacha. Na anapomsimulia mwenzi wake Takver anasema kitu kimoja ambacho hakina kelele wala hotuba, kwamba aliacha na orodha zikachukuliwa na mwingine, maana siku zote anapatikana mtu aliye tayari kuandika orodha. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo orodha kama hizo zinaandikwa, za nani abaki nani aondoke, sitataja mahali, lakini nilipofika sentensi ile nilifunga kitabu nikakaa muda mrefu.

Na anayesema Le Guin alikuwa anaiponda ndoto ya usawa hajaimaliza riwaya. Shevek anakwenda Urras, anapewa kila kitu, nyumba, heshima, anaona na helikopta za serikali zikifyatulia risasi waandamanaji, na mwisho anarudi kwao Anarres, mikono mitupu, kwa hiari yake, akijua kwamba siku alipoondoka kundi la watu lilimrushia mawe wakimuita msaliti na mlinzi mmoja akafa pale. Anarudi kwasababu anaamini wazo la Odo lilikuwa sahihi na limelala, linahitaji kuamshwa. Mtu anaweza kuipenda nchi yake na imani yake namna hiyo na bado akazisema mbele ya wote.

Sisi wenyewe tunaye wa kumuweka kwenye meza hiyo, Katama Mkangi wa Kenya, mwanasosholojia, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, na mwaka 1995 akatoa Walenisi, kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Humo shujaa wake Dzombo anahukumiwa, anatiwa kwenye chombo cha kuruka angani, anatua kwenye nchi ya Walenisi ambayo watu wanajitawala kwa usawa. Nashangaa sana inavyosomwa kama riwaya ya mtihani tu halafu inasahauliwa, wakati ni ndugu wa damu wa hizi nilizozitaja. Nikitumia kipimo changu kwa haki naona Mkangi hakuibana Walenisi yake vya kutosha, aliijenga njema ili iiaibishe nchi mbaya tunayoijua, na kwa mtu aliyetoka kizuizini namuelewa kabisa. Lakini ukisoma Walenisi leo na Anarres kesho maswali yanakuja yenyewe, je huko Walenisi wakitokea kina Tirin watawafanyaje, na Sabul wao ni nani?

Kwahiyo Mhariri ombi langu ni hili. Kwanza, ukurasa wako wa vitabu utenge nafasi hata mara moja kwa mwezi kwa riwaya za namna hii, ziandikwe kama vitabu vya siasa, na wasomaji waruhusiwe kubishana, kuna watu wengi tu huku mitaani wanazisoma kimya kimya kwenye simu hawana wa kuongea naye. Pili, kwa wachapishaji na watafsiri wetu, The Dispossessed iletwe kwa Kiswahili kwa njia halali, haki zikaombwe kwa wanaozimiliki, na Walenisi irudi kwenye maduka ya kawaida, siyo mpaka shule iagize. Na kama kuna mtafsiri anataka kujipima kabla ya kuingia kazi nzima basi ajaribu kile kipande cha watoto na gereza, ni kifupi, hakina fizikia, na kikikataa kukaa vizuri kwa Kiswahili mimi niko tayari kukaa naye tukipitie mstari kwa mstari bila malipo.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Morogoro